Kusoma lugha na fasihi za Asia ya Kusini: nianze na lugha ipi, na kazi iko wapi?

Binti Ngamiani

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri katika jambo ambalo nimelizungusha kichwani kwa miaka miwili bila kulifikisha mwisho. Nina shahada ya kwanza ya Kiswahili na isimu niliyoipata hapa Tanzania, na sasa ninafundisha katika shule ya sekondari mjini Tanga. Nilikulia Ngamiani, mlango wa pili kutoka duka la vitambaa la familia moja yenye asili ya Gujarat. Tangu nikiwa mdogo nilishinda barazani kwao nikimsikiliza mama mwenye duka akiwagombeza wanawe kwa Kikachi, lugha ya watu wa Kutch, akiandika hesabu zake kwa Kigujarati, na akipatana bei na wateja kwa Kiswahili ambacho walimu wangu wa baadaye wangekionea wivu. Mpaka leo ninaelewa karibu nusu ya yanayosemwa dukani humo, ila siwezi kusoma hata herufi moja ya maandishi yao.

Sasa nataka kusoma shahada ya uzamili katika lugha na fasihi za Asia ya Kusini, na nimekwama mahali patatu palipofungamana. Sijui nichague lugha ipi: Kihindi, ambacho kina vitabu, walimu na madarasa hata katika kituo cha utamaduni cha India pale Dar es Salaam, Kiurdu, ambacho maneno yake mengi ninayatambua kwa sababu ya Kiarabu kilichomo katika Kiswahili chetu, au Kigujarati, ambacho ndicho kilichonilea. Sijui pia niende chuo gani na kwa fedha za nani. Lakini kubwa zaidi ni swali la baba yangu, fundi cherehani aliyenunua vitambaa katika duka hilohilo kwa miaka zaidi ya thelathini. Aliniuliza hivi: "Ukishaijua lugha ya Wahindi, Wahindi wenyewe watakuajiri uwafanyie nini?" Hakuuliza kwa kejeli, na mimi sikuwa na jibu. Naomba wenye uzoefu wanisaidie kumjibu.

Mwana wa Mvita

Dada, swali la baba yako ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa na maprofesa, kwa hiyo niruhusu nianze nalo. Wahindi hawatakuajiri kwa sababu unajua Kihindi, kama ambavyo wewe hungemwajiri Mjerumani kwa sababu tu anajua Kiswahili. Lugha ya watu wengine haigeuki kuwa kazi mpaka ikutane na kitu ulicho nacho wewe ambacho wenye lugha hawana. Kwako kitu hicho ni Kiswahili, tena Kiswahili cha mtu aliyekisomea. Ukilikubali hilo tangu mwanzo, uchaguzi wa lugha, wa chuo na wa kazi utakuwa umepungua uzito.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa tano wa masomo ya uzamivu nchini Marekani, ambako ninasoma ushairi wa Kiurdu. Niliingia katika Kiurdu nikidhani kwamba nitateleza tu, kwa kuwa kitabu nilikikuta ni *kitab*, dunia ni *duniya*, habari ni *khabar*, tayari ni *taiyar* na lakini ni *lekin*. Wiki za mwanzo nilijiona bingwa. Kisha maneno yaleyale yakanigeuka: *fursat* kwao ni wasaa wa kupumzika na si fursa ya kufanya jambo, *mahal* ni kasri na si mahali popote, *shiddat* ni ukali wa kitu, uwe wa joto au wa mapenzi, na si shida. Siku moja nilimwandikia mwalimu wangu kwamba ninaomba *fursat* mbele ya darasa, nikimaanisha nafasi ya kulisoma shairi langu, naye akanijibu kwa upole kwamba mapumziko yangeanza Ijumaa. Msamiati unaofanana hukufungulia mlango, lakini ndani utakutana na kitenzi kinachokaa mwisho wa sentensi, nomino zenye jinsia ya kiume na ya kike, na neno moja dogo, *ne*, ambalo humfuata mtenda katika wakati uliopita na kukifanya kitenzi kikubaliane na mtendwa. Mtu aliyezoea ngeli zetu hawezi kuogopa upatanisho wa kisarufi, ila huo wa *ne* ulinichukua mwaka mzima.

Kwa upande wa matamshi sisi wa Pwani tuna bahati ambayo wenzetu darasani hawakuwa nayo. Kihindi na Kiurdu hutofautisha sauti zenye mpumuo na zisizo nao, na Kimvita nacho hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa mpumuo huohuo. Vilevile tunatofautisha *t* ya menoni na *t* ya ufizini, kwa hiyo ile *t* yao inayotamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi haikunisumbua sana. Wanafunzi wa Kimarekani walitumia muhula mzima kusikia tofauti ambazo nyanya yangu angezisikia akiwa anasinzia.

Kuhusu chuo, Marekani masomo haya yana historia ndefu. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilianzisha idara yake mwaka 1948, na leo Chicago, Texas huko Austin, Berkeley na Wisconsin huko Madison ni majina ambayo kila mtu wa fani hii huyataja. Tofauti inayopaswa kukushughulisha ni kati ya uzamili na uzamivu. Uzamivu katika vyuo hivyo kwa kawaida hulipiwa: unasamehewa ada na kupewa posho, nawe unafundisha. Uzamili mara nyingi unajilipia mwenyewe, na ushauri wangu usio na kigugumizi ni kwamba usikope hata senti moja kwa ajili ya shahada ya uzamili ya fasihi. Nimeona watu wenye akili kuliko mimi wakirudi nyumbani na deni ambalo fani hii haiwezi kulilipa.

Ipo njia nyingine ambayo inakufaa wewe hasa kwa kuwa ni mwalimu wa Kiswahili. Mpango wa Fulbright huchukua kila mwaka walimu vijana wa lugha, wakiwemo wa Kiswahili kutoka Tanzania na Kenya, wakawe wasaidizi wa ufundishaji katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Mpango huo hautoi shahada, na sharti lake ni kurudi nyumbani, lakini mwalimu anatakiwa naye achukue masomo kila muhula. Ukipangiwa chuo chenye walimu wa Kihindi au Kiurdu, unafundisha lugha yako asubuhi na kukaa dawati la mbele katika lugha ya wenzako mchana. Hata mimi sasa posho yangu inatokana kwa sehemu kubwa na kufundisha Kiswahili. Kiurdu ndicho ninachokisoma, ila Kiswahili ndicho kinacholipa kodi ya nyumba. London pia kipo chuo cha SOAS, ambako Kiswahili na lugha za Asia ya Kusini zimekaa chini ya paa moja kwa miongo mingi, lakini ada ya mgeni huko ni mzigo, kwa hiyo usiende bila ufadhili.

Sitakudanganya kuhusu uprofesa. Nafasi ni chache, na nyingi kati ya hizo chache hutangazwa kwa jina la historia, dini au fasihi linganishi na si kwa jina la lugha. Anayetaka uhakika zaidi aangalie ukutubi. Vyuo vikubwa vina wakutubi maalumu wa vitabu vya Asia ya Kusini, na hapa kuna kisa ninachokipenda: kuanzia mwaka 1962 Maktaba ya Bunge la Marekani ilinunua vitabu nchini India kwa rupia zilizotokana na ngano ambayo Marekani ilikuwa imeiuzia India, ikavigawa kwa vyuo. Rafu ninazosoma leo zilijazwa kwa ngano. Maktaba hiyohiyo ina ofisi New Delhi na ina ofisi Nairobi, na mtu anayeweza kusoma vitabu vya pande zote mbili za bahari si mtu wa kupatikana kila siku.

Mtunza Makaratasi

Nimesoma mchango wa ndugu yangu wa Mombasa na ninaukubali kwa sehemu kubwa, lakini sikubaliani na ukimya wake juu ya Kigujarati. Naona amezipima lugha kwa wingi wa walimu, na kwa kipimo hicho Kihindi na Kiurdu vitashinda daima. Mimi nitakupimia kwa wingi wa makaratasi yasiyosomwa.

Ninaishi Unguja, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisaidia familia kupanga nyaraka zao za zamani kabla mchwa na unyevu havijazimaliza. Katika makabati ya Mji Mkongwe kuna daftari za biashara zilizofungwa kwa kitambaa chekundu, barua, hundi, vitabu vya dini na magazeti. Kumbuka kwamba Unguja ilikuwa na gazeti lake la Kigujarati, *Samachar*, tangu mwaka 1902. Kumbuka pia kwamba tangu miaka ya 1830 forodha ya Unguja ilikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, Mbhatia (jamii ya wafanyabiashara Wahindu) kutoka Kutch, na kwamba masultani, wenye mashamba ya karafuu na wakuu wa misafara ya bara walikopa kwa wafanyabiashara wa namna hiyo. Historia yetu tumeisoma zaidi katika barua za mabalozi wa Kizungu, yaani kwa jicho la mtu aliyekuwa akichungulia dirishani, ilhali aliyekuwa ndani akiandika nani anadaiwa nini aliandika kwa Kigujarati. Watafiti wa Kiswahili wanaoweza kusoma daftari hizo nimewahi kukutana nao wawili tu, na mmoja amestaafu.

Nikueleze kazi yenyewe ilivyo, ili usije ukadhani ni kujifunza alfabeti tu. Hati ya Kigujarati ni ndugu wa Devanagari inayoandikiwa Kihindi, ila haina ule mstari wa juu unaozifunga herufi pamoja, kwa hiyo anayeijua moja huijifunza nyingine kwa majuma machache. Shida inaanzia kwa makarani wa zamani, kwani mwandiko wao wa kibiashara mara nyingi uliziacha alama za irabu, na msomaji hulazimika kukisia neno kutokana na muktadha, kama ambavyo barua za Kiswahili za hati ya Kiarabu hukisiwa pale mwandishi alipoacha irabu. Halafu kuna tarehe. Daftari hazifuati mwaka wa Miladi bali Samvat, kalenda ya Kihindu, na mwaka wa Kigujarati huanza baada ya Diwali. Ukikuta Samvat 1960, toa 57 ikiwa ni miezi ya mwanzo, nawe utapata mwisho wa 1903. Ikiwa Januari imeshapita, toa 56. Niliwahi kuona tasnifu nzima iliyokosea mwaka mmoja kwa kutolijua hilo, na hoja yake kuu ilikuwa juu ya nani alikopa kabla ya nani.

Tena si kila kinachoonekana kuwa cha Kihindi ni Kigujarati. Kikachi unachokisikia dukani kina udugu wa karibu zaidi na Kisindhi, nacho kwa kawaida huandikwa kwa herufi za Kigujarati kikiandikwa. Mabohora wana namna yao ya Kigujarati iliyojaa Kiarabu na kuandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambayo kwa mtu aliyesoma utenzi katika hati ya Kiarabu ni furaha tupu. Khoja wa madhehebu ya Ismailia walizihifadhi nyimbo zao za ibada, *ginan*, katika hati iitwayo Khojki, iliyoingizwa katika mfumo wa herufi za kompyuta wa Unicode mwaka 2014. Taasisi ya Masomo ya Ismailia iliyoko London tangu 1977 inajishughulisha na maandiko hayo. Mtu mwenye Kiswahili, Kigujarati na Khojki kwa pamoja hatafuti kazi kwa kupeleka barua mia, kwa sababu wenye haja naye wanajuana na watamfikia.

Na usiutazame upande mmoja tu wa bahari. Gujarat kuna Wasidi, watu wenye asili ya Afrika ambao ngoma yao wanaiita *goma* mpaka leo na wanamuenzi walii aitwaye Bava Gor; Karachi wapo Washidi, ndugu zao kwa asili, wanaokusanyika kwenye ziara ya Manghopir. Anayekwenda kuwahoji kwa Kiingereza huambiwa yanayosemwa kwa Kiingereza. Mtu atakayewasikiliza kwa Kigujarati au Kisindhi, akiwa na masikio ya Kiswahili, atasikia mengine.

Njia ya kwenda India ni Baraza la India la Mahusiano ya Utamaduni, lililoanzishwa mwaka 1950, ambalo hutoa ufadhili wa masomo kwa Waafrika kila mwaka. Chuo Kikuu cha Maharaja Sayajirao kilichoko Baroda ni mahali pa kufikiria kwa mtu wa Kigujarati. Lakini tahadhari: uzamili wa fasihi ya Kigujarati hufundishwa kwa Kigujarati, kwa wanafunzi waliokisoma tangu chekechea. Huwezi kuuingia kwa masikio ya barazani. Ndiyo maana, pamoja na ubishi wangu wote, nitakushauri uanze na mwaka mmoja wa Kihindi katika Taasisi Kuu ya Kihindi iliyoko Agra, ambayo ina mpango wa wageni wenye ufadhili, kisha uvuke kwenda Kigujarati ukiwa tayari una sarufi na hati mkononi. Ndugu wa Mvita atacheka kwamba nimemrudia kwa mlango wa nyuma.

Mzee wa Mizania

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini mimi ni mhasibu na nitasema kama mhasibu. Wahindi wa Tanzania wanazungumza Kiswahili. Wahindi wa India wanaokuja kufanya biashara nasi wanazungumza Kiingereza. Hata chuo cha teknolojia cha India, IIT Madras, kilichofunguliwa Zanzibar mwaka 2023 kinafundisha kwa Kiingereza. Kati ya watu hao, ni nani atakayetoa fedha mfukoni ili apate mkalimani wa Kihindi? Mwalimu wa sekondari ana mshahara na pensheni; anayevitupa avitupe kwa hesabu, si kwa ajili ya kabati la mtu Mji Mkongwe. Ningekuwa baba yake ningemwambia asome Kichina au Kiarabu, na Kigujarati akifanye kuwa burudani ya jioni.

Mkalimani wa Marina

Mzee wa Mizania, shikamoo. Hesabu yako ni sahihi kwa wafanyabiashara, lakini umewasahau wagonjwa.

Ninaishi Chennai kwa mwaka wa saba sasa. Nilikuja kusoma famasia, nikabaki kwa sababu ya lugha. Watu wetu kutoka Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi wanakuja katika miji hii kwa matibabu ya moyo, figo, saratani na mifupa, na wengi wao hawajui Kiingereza cha kumweleza daktari maumivu yanaanzia wapi. Ukalimani wa chumba cha daktari ni wa Kiswahili na Kiingereza, hilo nakubali, na wapo wengi wanaoufanya. Ila mgonjwa hukaa na daktari robo saa, na saa nyingine zote hukaa na muuguzi, mhudumu wa usiku, mwenye nyumba ya kupanga, dereva wa bajaji na muuza dawa wa mtaani, na hao hapa Chennai wanazungumza Kitamili. Niliajiriwa moja kwa moja na hospitali, badala ya kuendelea kulipwa kwa mgonjwa mmoja mmoja, siku ile walipoona kwamba ninaweza kumpigia simu mtu wa maabara na kumaliza jambo bila kumtafuta wa kunisaidia.

Kwa hiyo, dada, liangalie neno "lugha za Asia ya Kusini" kwa makini. Katiba ya India peke yake ina orodha ya lugha 22, na zimegawanyika katika koo ambazo hazina udugu. Kihindi, Kiurdu, Kigujarati na Kibengali ni za ukoo mmoja na Kisanskriti. Kitamili, Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam ni za ukoo wa Kidravidi. Mtu aliyejifunza Kihindi Agra akishuka kwenye treni Chennai atajikuta mgeni upya. Kwetu sisi, hata hivyo, Kitamili si kigumu kama sifa zake, kwa sababu hujenga neno kwa kubandika viambishi. Sisi tunasema nyumbani kwa kuongeza *-ni*. Wao nyumba ni *vidu* na nyumbani ni *vittil*, na ukiongeza *irundu* unapata kutoka nyumbani, neno moja refu lililonyooka. Ugumu wake uko penginepo: Kitamili cha kuandika na Kitamili cha kusema vimeachana mno, kiasi kwamba baada ya mwaka mmoja wa vitabu niliweza kusoma tahariri ya gazeti lakini sikuweza kuagiza chakula bila kuchekwa. Mama muuza maua jirani na nilikopanga aliniambia kwamba ninaongea kama sanamu la mfalme.

Niseme pia ubaya wa kazi hii. Wapo mawakala wanaomlipa mkalimani kamisheni kwa kila mgonjwa anayempeleka hospitali fulani. Niliwahi kufanya kazi chini ya wakala wa namna hiyo, na nilijikuta ninatafsiri maneno ya daktari huku nikiwa na maslahi katika jibu la mgonjwa. Niliondoka. Ukiingia katika ukalimani wa tiba, ulizia kwanza nani anakulipa na kwa kipimo gani, na ukikuta mtu anataka umfiche mgonjwa gharama au umlainishie taarifa ya daktari, toka siku hiyohiyo.

Kuhusu fasihi, Mwana wa Mvita hakuigusa tafsiri, nami nadhani ni kwa sababu haijalipa vya kutosha bado. Lakini tazama kinachotokea: Tuzo ya Kimataifa ya Booker ilikwenda kwa riwaya ya Kihindi mwaka 2022 na kwa hadithi fupi za Kikannada mwaka 2025, na paundi 50,000 za tuzo hiyo hugawanywa sawa kati ya mwandishi na mfasiri. Sisi visa vya India tulivipokea zamani kwa mzunguko, kama vile Kalila na Dimna, vilivyotoka katika Kisanskriti vikapitia Kiajemi cha kale na Kiarabu kabla ya kutufikia. Leo tamthilia za Kihindi zinatiwa sauti za Kiswahili kila jioni, na ninapozitazama nikiwa likizo nyumbani ninasikia mahali ambapo mfasiri ameifuata tafsiri ya Kiingereza: mkwe anamwita mama mkwe "wewe" pale ambapo Kihindi kimetumia *aap* ya heshima, na hasira ya tukio zima imepotea. Mtu anayezijua lugha zote mbili angeusikia upungufu huo katika dakika ya kwanza.

Mzee wa Mizania

Marahaba, mwanangu. La wagonjwa nimelipokea. La kabati bado.

Binti Ngamiani

Nawashukuru wote, na wewe Mzee wa Mizania nakushukuru zaidi, kwa sababu maswali yako ndiyo atakayoniuliza baba.

Nimeamua mambo mawili. Nitaomba nafasi ya ufundishaji aliyoieleza Mwana wa Mvita, kwa kuwa hainiachishi kazi ya ualimu moja kwa moja wala hainiingizi katika deni, na wakati huohuo nitajiandaa kwa maombi ya Agra. Kigujarati nacho sitakisubirisha. Jana baada ya vipindi nilikwenda dukani nikamweleza mama kwamba nataka kujifunza kusoma. Alicheka sana, akasema kwamba wajukuu zake wenyewe walioko Leicester hawataki, kisha akaingia ndani na kurudi na daftari la baba mkwe wake, lile la kitambaa chekundu kama alivyolieleza Mtunza Makaratasi. Ameniruhusu nilipige picha lakini si kutoka nalo.

Ukurasa wa kwanza umenishangaza, kwa sababu hauna hesabu. Juu kabisa kuna neno moja, chini yake neno hilohilo mara mbili, kisha mara tatu, na kuendelea hivyo mpaka limejenga umbo la pembetatu. Kushoto na kulia kuna neno moja moja lililosimama peke yake. Chini ya pembetatu kuna maandishi ya mstari mmoja na tarakimu nne, ambazo mbili za katikati zinafanana, ya kwanza inaonekana kama tisa yetu, na ya mwisho ni kama mbili yetu. Mama anasema ni mambo ya baraka ila hakunieleza zaidi, maana wateja waliingia. Je, hiki ni nini?

Mtunza Makaratasi

Umebahatika kupata ukurasa mzuri wa kuanzia. Neno linalojenga pembetatu ni *Shri*, jina la heshima ambalo pia ni la Lakshmi, mungu wa neema kwa Wahindu. Wafanyabiashara hufungua daftari jipya wakati wa Diwali, na ukurasa wa kwanza huombewa kabla ya kuandikwa deni lolote. Maneno mawili ya pembeni yatakuwa *shubh* na *labh*, yaani heri na faida. Linganisha *shri* na *shubh*: zote zinaanza na sauti *sh*, lakini herufi haitaonekana sawa, kwa kuwa katika *shri* imeungana na *r*. Hilo ndilo somo lako la kwanza la herufi zilizounganishwa.

Mstari wa chini, tafuta neno *Samvat* mwanzoni mwake. Tarakimu ya kwanza isikudanganye. Moja ya Kigujarati hufanana na tisa yetu, ndiyo maana wageni huzisoma tarehe hizi vibaya. Mbili yao kweli inafanana na yetu. Ikiwa zile mbili za katikati ni tisa, basi una 1992, na kwa kuwa daftari lilifunguliwa siku za Diwali, toa 57: mwisho wa mwaka 1935. Muulize mama kama baba mkwe wake alikuwa tayari amefika Tanga mwaka huo, au kama daftari lilianzia mahali pengine. Kisha nenda ukurasa wa pili, tafuta majina ya watu kabla ya kutafuta fedha, na uanze na majina ya Kiswahili, kwa sababu hayo wewe utayatambua hata karani akiwa ameacha irabu zote.

Binti Ngamiani

Alikuwa ameshafika. Mama amenihakikishia leo asubuhi kwamba alishuka Tanga mwaka 1934. Na katika ukurasa wa tatu, nikizifuata herufi moja moja kwa kidole, kuna mteja aliyeandikwa kwa konsonanti tano ambazo haziwezi kuwa kitu kingine isipokuwa *mwnjm*. Mwinjuma. Anadaiwa kaniki mbili.